Sahani za Kuhesabia Upepo

Mwaka ambao watu wa milimani walihamia vijiji vipya vya kando ya barabara, mimi niliazimwa. Ndilo neno lililoandikwa kwenye barua: "Mwalimu ataazimwa kwa siku mbili kila wiki." Nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili hapa Kilosa. Kule Mikumi, kwenye kiwanja cha ndege kilichopakana na mbuga, ilikuwa imefunguliwa shule ndogo ya marubani. Wanafunzi walikuwa saba. Walitarajiwa warushe ndege ndogo za kunyunyizia dawa kwelea wanaomaliza mtama, za kuhesabu wanyama, na za kupeleka waganga mahali barabara inapokatika wakati wa masika. Ndege zilikuwa mbili na mkufunzi mmoja. Mtu wa kuwafundisha hesabu hakuwepo.

Mkufunzi alinifuata mwenyewe shuleni. Alikuwa mtu mzima wa Tabora, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyofifia rangi, aliyeanza kazi kama fundi wa ndege za dawa kabla ya Uhuru, na baada ya Uhuru akapelekwa kusomea urubani. Watu wote walimwita Kapteni. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, ameshika boksi la kadibodi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa unajua kutumia rula ya kukokotolea."

"Najua. Nilifundishwa misheni."

"Basi hivi havitakushinda."

Akafungua boksi na kupanga vitu vitatu mezani, juu ya madaftari yangu. Vitabu vya urubani viliviita kompyuta, neno ambalo mimi nilikuwa nimelisoma gazetini tu, nikidhani ni mashine kubwa kama chumba. Hivi havikuwa na umeme wala betri. Kila kimoja kilikuwa duara mbili zilizobebana, moja ikizunguka juu ya nyingine, na pembeni zimejaa namba. Upande mmoja ulikuwa wa kuzidisha na kugawanya: mwendo, muda, mafuta. Upande wa pili ulikuwa wa upepo; ukiuambia upepo unatoka wapi na una nguvu gani, ulikuonyesha uigeuze pua ya ndege kiasi gani ili usisukumwe pembeni. Baadaye wanafunzi waliviita sahani, na mimi nikafuata.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya alumini, nzito, na katikati yake ilipita rula pana ya kutelezesha, ya kazi ya upepo. Ya pili ilikuwa na umbo hilo hilo, ila ni ya plastiki nyeupe. Ya tatu ilikuwa duara tupu, haina rula, ndogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa shati.

"Tunaagiza mara moja tu," Kapteni alisema. "Vinatoka ng'ambo. Nataka uchague aina moja, ili ukisimama ubaoni ukasema zungusha hapa, wote saba wazungushe hapo hapo."

"Wewe ungechagua ipi?"

"Ya bati. Lakini mimi nimeizoea. Mtu aliyezoea kitu haulizwi."

Nikaomba wiki mbili. Sikujua chombo cha rubani huchaguliwa vipi, kwa hiyo nikakichagua kama mwalimu anavyochagua vifaa vya darasa: kidumu, kisomeke, kisimchanganye anayejifunza. Jumatatu niliziweka zote tatu juu ya bati la paa la jiko langu, nikaziacha hadi Ijumaa. Ile ndogo ilijikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Nyeupe ilibaki sawa, ila rula yake ilianza kukaza kidogo. Ya alumini haikuwa na neno, lakini nilipoishika saa saba mchana niliitupa chini bila kutaka.

Kisha nikamwomba Kapteni anichukue kwenye Landrova yake kutoka Kilosa hadi Mikumi, nikae nyuma, nipige hesabu njiani. Alinitazama kwanza, akaona sitanii. Barabara ile kuanzia kijiji cha Ulaya ilikuwa mashimo matupu. Nilikaa juu ya gunia la mahindi, ubao magotini, penseli mdomoni, nikizungusha sahani huku gari likinirusha. Kwa sahani ya alumini nilikosea mara tano, kwa sababu mistari yake myeusi ilimetameta juani na kupotea machoni. Kwa nyeupe nilikosea mara mbili. Tulipofika nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

"Umechagua?" Kapteni aliuliza akizima injini.

"Nyeupe."

"Maandishi yatafutika."

"Tutayatunza."

"Jasho la rubani anayejifunza hulijui, mwalimu." Lakini akaandika nyeupe. Niliongeza rula za ramani za plastiki angavu, zinazoonyesha kilicho chini yake, zenye kipimapembe katikati, na penseli laini zisizochana karatasi. Vyote vilifika baada ya miezi minne, kwenye sanduku la mbao.

Nikafundisha. Wanafunzi walikuwa vijana wa kiume wote, na siku ya kwanza walishangaa kuona mwalimu wao ni mwanamke, tena anayekuja na kikapu. Mshangao uliisha nilipoanza kusahihisha. Aliyekuwa mbele ya wenzake alikuwa kijana wa Ruaha, wazazi wake walikuwa wakulima wa miwa. Aliongea kidogo na aliandika namba ndogo ndogo zilizonyooka. Alikuwa akimaliza hesabu, anaifunika kwa mkono, halafu anaipiga upya kana kwamba hajawahi kuiona.

Ukingoni mwa sahani palikuwa na vialama viwili vilivyokaribiana, vyote vya kubadili lita kuwa galoni. Kimoja kilikuwa cha galoni ya Kiingereza na kingine cha galoni ya Kimarekani, ambayo ni ndogo zaidi. Pampu yetu ilipima kwa lita. Vitabu vya ndege zetu vilihesabu kwa galoni ya Kiingereza. Nililifundisha jambo hilo mchana mmoja, likaeleweka, tukaendelea na mengine. Sikulirudia. Miezi mitatu baadaye vidole vyao vilikuwa vimekula maandishi yale madogo. Vialama vilibaki, majina yakaondoka. Kila mmoja aliliona hilo kwenye sahani yake na hakuna aliyesema, nadhani kwa sababu niliwaambia wazitunze.

Ilipofika safari ndefu ya kuruka peke yao, Kapteni alinitaka nimsaidie kuchagua alama za njiani. Mwanafunzi alitakiwa kutoka Mikumi hadi Dodoma, azunguke juu ya stesheni bila kutua, arudi kwa njia ya Kilosa. Kati ya Dodoma na Kilosa kuna milima, na juu ya milima hiyo ramani ilionyesha kijiji na msalaba mdogo wa kanisa. Kilikuwa kijiji chetu. Nilibatizwa katika kanisa lile.

"Hapa," nilisema nikiweka kidole. "Kanisa lina bati. Asubuhi jua likilipiga, haliwezi kumpita mtu."

Kapteni akachora duara. Kijana wa Ruaha alikuwa wa kwanza kuruka. Aliondoka saa moja asubuhi, anga safi. Safari ilikuwa ya chini kidogo ya saa tatu, na karatasi yake ilionyesha ana mafuta ya saa nne. Kapteni aliitazama, akasaini.

Saa nne hakuonekana. Saa tano hakuonekana. Kapteni alisimama kando ya mlingoti wa soksi ya upepo, uso kaskazini, mikono nyuma. Wanafunzi sita walikaa barazani na hakuna aliyefungua daftari. Mimi niliendelea kusahihisha, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Ukurasa mmoja niliusahihisha mara mbili. Saa sita kasoro ikaja simu: ndege imeshuka kwenye barabara ya shamba la mkonge Rudewa, rubani mzima.

Tulikwenda na Landrova, tukapita Kilosa bila kusimama. Ndege ilikuwa imesimama katikati ya barabara nyekundu ya shamba, bawa moja limechanwa na ncha za mkonge kama nguo iliyonaswa na miiba. Wakata mkonge walikuwa wameizunguka kwa mbali, na ng'ombe wa wafugaji walikuwa wakipita nyuma ya mkia bila kujali. Kijana alikaa chini ya bawa zima, sahani nyeupe juu ya goti. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, Kapteni. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Kapteni alijibu. "Umeumia?"

"Hapana. Mafuta yaliisha. Injini ilizima nikiwa juu ya mkonge, nikaiona barabara hii."

"Mafuta ya saa nne yameishaje?"

"Sijui, Kapteni. Nimeirudia hesabu mara nne tangu nishuke. Nilitia lita tisini. Kila nikipiga napata galoni ishirini na nne, na ndege inakula sita kwa saa."

Nilinyoosha mkono akanipa sahani. Nikaipeleka kwenye tisini, nikatazama ukingo. Lita tisini ni galoni ishirini za Kiingereza. Ishirini na nne ni za Kimarekani.

"Umesoma alama ipi?" nikamwuliza.

"Ya galoni."

"Ziko mbili."

Akainama kuitazama. "Nilikuwa najua ziko mbili," alisema. "Hazina majina tena. Nikachukua ile niliyodhani."

Kwa hiyo hakuwa na mafuta ya saa nne; alikuwa na ya saa tatu na dakika ishirini. Hata hayo yangemfikisha nyumbani. Kapteni aliliona hilo kabla yangu.

"Ulichelewa wapi?"

"Nilikuwa natafuta kanisa. Lile ambalo mwalimu alituambia. Nilizunguka pale karibu dakika arobaini. Niliona migomba, niliona viwanja vya nyumba, lakini bati hapana. Nikasema labda nimekosea mlima, nikaenda wa pili, halafu wa tatu. Kwa hesabu yangu mafuta yalikuwepo. Nilipoamua kuacha sikujua niko wapi, mpaka nilipoona mistari ya mkonge."

Mabati ya kanisa lile yalikuwa yamevuliwa wakati wa kiangazi, watu walipohamishwa. Waliyabeba kichwani mawili mawili hadi kijiji kipya cha barabarani, wakaezekea kanisa jipya. Mama yangu alinisimulia mwenyewe, akiwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake mpya, na mimi nilichangia misumari. Nilikuwa najua yote hayo nilipoweka kidole kwenye ramani. Kijiji cha kwenye ramani na nyumba mpya ya mama vilikuwa vimekaa kichwani mwangu kama vitu viwili visivyojuana. Mpaka leo sina maelezo mazuri kuliko hayo.

Nikamwambia kijana pale pale: "Kanisa halipo. Lilihamishwa. Mimi nilijua."

Alinitazama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Akasema tu, "Kumbe sikukosea mlima."

Wiki iliyofuata wakaja wajumbe watatu wa kuchunguza ajali kutoka Dar es Salaam. Walikaa kwenye chumba chetu cha darasa, nyuma ya meza yangu, wakatuita mmoja mmoja halafu wote pamoja. Kijana alisema hakupima tangi kwa kijiti kabla ya kuondoka, aliiamini hesabu. Kapteni alisema alisaini karatasi bila kuuliza kijiti kilisema nini. Zamu yangu ilipofika nilisema sahani nilizichagua mimi baada ya kuonywa kwamba maandishi yatafutika, na kanisa nililitaja mimi.

Mwenyekiti wao, mtu mpole mwenye miwani mizito, aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, umewahi kupanda ndege?"

"Hapana."

Akaichukua kalamu tena, akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Hakuna aliyecheka.

Waliamua kijana asiruke peke yake kwa miezi mitatu. Kapteni alipewa onyo la maandishi. Mimi niliandikiwa barua ya kunitaka nirekebishe vifaa na ramani. Sahani mpya hazikuwepo na hazingekuja, hivyo ilibidi hizo hizo zifae. Nilifikiria rangi ya mbao, ikawa nzito. Wino ulifutika. Mwishowe nikaenda kwa nesi mmoja wa hospitali ya Kilosa tuliyekuwa tukisali naye, nikamwomba rangi ya kucha. Ilikuwa miaka ya kukemewa mapambo, na mwalimu wa kike alitakiwa awe mfano.

"Na wewe tena, dada?" alishangaa, akifunga mlango.

"Si ya kucha zangu. Ni ya ndege."

Aliniangalia kama mtu anayeamua kutouliza zaidi, akaitoa chini ya godoro. Nilikaa mezani Mikumi na ncha ya kijiti cha kiberiti, nikatia nukta nyekundu kwenye alama ya galoni ya Kiingereza katika sahani zote saba, na ile ya Kimarekani nikaikwangua kwa wembe mpaka ikatoweka. Rangi ile haikubanduka. Mikono yangu ilinukia rangi siku mbili, na darasani Kilosa wasichana walinusa wakatazamana.

Ramani ilikuwa kazi kubwa zaidi. Ilipimwa enzi za mkoloni, na tangu hapo vijiji vilikuwa vimehama. Kapteni alisema haiwezi kusahihishwa kutoka mezani. "Utapanda," aliniambia. "Utakaa kulia, uwe na sahani na ramani. Mimi nitarusha tu. Wewe ndiye utanipeleka."

Nilivaa sweta na kitenge, nikajifunga mkanda. Pangaboi lilipoanza kuzunguka nilisahau kila nilichowahi kufundisha. Tulipokuwa juu, Kapteni alinipa upepo na mwendo, akasubiri. Nilishika sahani, nikaona kitu ambacho barabara ya Ulaya haikuniambia. Kwenye Landrova nilikuwa na mikono miwili. Mwanafunzi angani ana mmoja, wa pili umeshika usukani. Nikajaribu kwa mkono mmoja. Rula ya upepo iliteleza yote, ikaanguka chini ya kiti.

"Hiyo hutokea," Kapteni alisema, macho mbele.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona umehangaika sana kuchagua. Nikakuheshimu mno."

Mng'aro wa jua nilioukimbia kwenye alumini haukuwepo. Bawa lilikuwa juu yetu na kivuli kilitutosha. Lakini ndege ilitikisika, na namba nyeusi juu ya plastiki nyeupe zilisomeka vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea jambo moja, nimepatia jingine, na lililo muhimu kuliko yote sikuwa nimelifikiria kabisa. Baadaye tulitoboa tundu kwenye kila rula na kuifunga kwa kamba ya viatu.

Tulipita Kidete, tukauacha mto Mkondoa kulia, tukapanda juu ya milima. Nilikitambua kijiji chetu kwa umbo la bonde. Viwanja vya nyumba vilionekana kama madoa mepesi kwenye majani. Kuta za kanisa zilikuwa zimesimama bado, wazi juu, na ndani mlikuwa na kijani. Huko chini, kando ya barabara, kijiji kipya kilikuwa kwenye mstari, nyumba baada ya nyumba, na bati moja kubwa liking'aa. Kapteni aliizungusha ndege taratibu.

"Ni kwenu?"

"Palikuwa kwetu."

"Basi andika, rafiki yangu. Mafuta yanakwenda."

Nikaufuta msalaba wa mlimani, nikaandika kwa herufi ndogo: mahame. Nikachora msalaba mwingine barabarani. Asubuhi ile niliandika mahame mara kumi na mbili, na mkono ulizoea.

Jumapili nilimwendea mama nikamwambia nimekiona kijiji chetu kutoka angani. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

"Migomba yangu imezaa?"

"Sikuona, mama. Tulikuwa juu sana."

"Sasa ulichokiona ni nini?"

Nilimweleza kuhusu kuta na kijani cha ndani ya kanisa. Alisikiliza, akarudi kwenye ungo wake, na hatukulizungumza tena.

Miezi mitatu ilipoisha, kijana wa Ruaha alirudia safari ile ile kwa ramani iliyosahihishwa. Sikuwa Mikumi siku hiyo, nilikuwa Kilosa nafundisha. Alipita juu yetu kwenye saa tatu, chini kuliko alivyopaswa, na darasa zima likakimbilia madirishani. Sikuwazuia. Alitua Mikumi akiwa amekosea muda aliokadiria kwa dakika tatu tu, na kwenye tangi yakiwa yamebaki mafuta ambayo kijiti na sahani vilikubaliana juu ya kiasi chake.

Mwaka uliofuata shule ile ilihamishiwa kwingine, na muda wangu wa kuazimwa ukaisha. Niliandika kurasa mbili kwa ajili ya mwalimu atakayenirithi: achague sahani yenye maandishi makubwa yaliyochongwa, si ya kupakwa, na asichague kabla hajapanda. Sikupata jibu. Kapteni alinitumia salamu mara moja kupitia dereva.

Kijana alipopata leseni alikuja kuniaga shuleni. Alikuwa amepangiwa ndege za dawa upande wa Dodoma. Nilimkaribisha chai ofisini. Alikaa wima kama yuko kwenye mtihani.

"Tangi unapima?" nilimwuliza.

"Napima kwa kijiti kwanza, mwalimu, halafu napiga hesabu. Vikitofautiana napima tena, sipigi tena."

"Ndivyo."

Alimaliza chai, akakiweka kikombe mezani, akanishukuru kwa mikono miwili. Kisha akachukua begi lake, akateremka kwenda stesheni kuwahi treni.